Pachafuke Pote, Isipokuwa Juu ya Reli

Katika maduka ya treni za mfano huko Ulaya na Marekani kuna rafu moja ambayo mgeni huitazama mara mbili, kwa sababu bidhaa yake ni uchafu. Kutu ya unga imetiwa kwenye vichupa. Masizi yapo. Matope ya kupakwa kwa brashi yapo, ya rangi tatu nne, na vumbi la paa za mabehewa, na majimaji ya kuzifanya kuta za stesheni zionekane zimenyeshewa mvua miaka na miaka bila mtu kuzipaka chokaa. Wateja wake ni watu wazima wenye akili timamu, wengi wao wastaafu, ambao hununua kichwa cha treni kipya kinachometameta, hukifikisha nyumbani salama, na kabla ya chakula cha usiku wameshakichakaza kwa mikono yao wenyewe. Kwenye rafu ya jirani mtu yuleyule hununua dawa ya kusafishia, kifutio cha kukwangulia na behewa maalumu lenye kitambaa tumboni, kwa sababu treni yake haitembei. Inashtuka, inasimama, inatetemeka, inasimama tena. Anaisukuma kwa kidole. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba rafu hizo mbili ni kazi moja, na kwamba vituko karibu vyote vya kusafisha reli baada ya kupamba mandhari vinatokana na kuigawa kazi hiyo mara mbili: leo nachafua, kesho nitasafisha. Hiyo kesho ndiyo inayoleta balaa, maana gundi haisubiri kesho.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaribia meza ya treni, inafaa kueleza kwanza tatizo liko wapi. Kipimo kinachopendwa kuliko vyote huitwa HO, na humo kila kitu kimepunguzwa mara 87. Njia ya reli yenye upana wa milimita 1,435, ambao ndio upana wa SGR ya Kenya na ya Tanzania pia, hushuka hadi milimita 16.5. Mtu mzima huwa na kimo cha milimita 20 hivi, pamoja na kofia. Umeme, kama volti 12 kwa mfumo wa zamani na zaidi kidogo kwa ule wa kidijitali, hupita ndani ya reli zenyewe, ukapanda magurudumuni, ukaingia kwenye mota, ukarudi kwa reli ya pili. Märklin wa Ujerumani wana mtindo wao wa kuchukua umeme katikati ya njia, lakini hata wao huurudisha kwa magurudumu, kwa hiyo hawajaponyoka. Safari yote hiyo inategemea pale gurudumu linapogusa juu ya reli, na juu ya reli hapana upana wa kujivunia. Ni kama milimita moja. Kule Hamburg, Miniatur Wunderland, maonyesho yaliyofunguliwa mwaka 2001 na ndugu Frederik na Gerrit Braun katika maghala ya kale ya Speicherstadt, yana zaidi ya kilomita 15 za njia ya reli. Njia moja ina reli mbili, kwa hiyo tunazungumzia kilomita 30 za chuma chenye uso wa milimita moja. Zidisha, utapata mita za mraba 30, ukubwa wa sebule moja. Milima, madaraja na miji ambayo watu huja kuitazama kutoka pande zote za dunia imejengwa kuizunguka hiyo sebule, na sebule ikichafuka hakuna treni inayokwenda popote.

Sasa mwenye hiyo milimita moja anataka kupamba. Mlima hujengwa kwa jasi, na jasi ikikorogwa hudondoka, na tone la jasi halichagui pa kuangukia. Baada ya jasi huja rangi ya udongo, kisha gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, kisha unga wa mbao uliotiwa rangi au sponji iliyosagwa ikawa majani. Kokoto, nyingine za mawe ya kweli na nyingine za maganda ya jozi yaliyosagwa, hutandazwa kwa brashi katikati ya mataruma, hulowanishwa kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili yapenye badala ya kukusanyika juu, kisha gundi hudondoshwa. Gundi iliyozimuliwa hupenya kila mahali. Hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo laana yake. Hupanda ubavu wa reli. Hutambaa chini ya ulimi wa chuma unaohamisha treni kwenye njiapanda, na asubuhi ulimi haugeuki tena, kwa hiyo tangu siku hiyo kila treni inaelekea kiwandani, hata ile ya abiria. Nyasi nazo ni nyuzi fupi za nailoni zinazorushwa kwa kifaa cha umeme tuli, zikatua kwenye gundi zikiwa zimesimama wima. Ni jambo la kupendeza kulitazama, ila nyuzi hazitambui mpaka wa shamba. Husimama wima juu ya taruma, juu ya reli na juu ya sweta ya fundi. Zinazoanguka njiani huokotwa na ekseli, hujizungusha, na baada ya mizunguko kadhaa kichwa cha treni kimevishwa shada na gia zake zinalia. Mchanga wa kuokota nje mara nyingi huwa na chembe za chuma, na mota ina sumaku. Hapo hakuna la kueleza zaidi. Mwisho kabisa fundi hupuliza dawa ya nywele ili vyote vishikamane, na dawa hiyo hutandaza juu ya reli utando mwembamba usioonekana na usiopitisha umeme. Meza sasa inapendeza kuliko wakati wowote tangu ianze kujengwa. Haifanyi kazi.

Shida kubwa ni kwamba uchafu haupungui mara 87. Nyumba imekubali kupungua, mti umekubali, ng'ombe amekubali, na mkuu wa stesheni hakulalamika, lakini vumbi limekataa. Tone la gundi lenye kimo cha milimita moja likikauka juu ya reli, kwa abiria waliomo ndani ya mabehewa ni tuta la karibu sentimita 9. Unywele wa fundi ulioanguka njiani, kwa dereva ni kamba inayokaribia unene wa sentimita moja, imetandwa kutoka upande huu wa bonde hadi ule. Paka wa nyumbani mwenye kimo cha sentimita 25 mabegani huwa jengo la mita 21 na ushee, ghorofa saba zenye manyoya, lililoamua kulala darajani kwa sababu pale jua linapiga vizuri, na likiondoka linaacha nguzo nyembamba za mita kadhaa zimelala njiani. Ndiyo maana fundi na treni yake hawaelewani kuhusu neno «safi». Fundi anatazama kwa jicho la kipimo kimoja, haoni kitu. Treni inatazama kwa kipimo cha moja kwa 87, inaona maporomoko ya ardhi. Mabishano kati ya wawili hao huishia kwa fundi kufungua kichwa cha treni akitafuta ubovu wa mota, ambayo ni nzima, na kwa springi moja ndogo kuruka hadi chini ya kabati na kutoonekana tena.

Wapo watakaonipinga hapa, tena kwa hoja yenye uzito. Watasema: mbona reli za kweli hazipigwi deki na mtu? Ubavuni zina kutu, juu zinang'aa, na kinachozing'arisha ni magurudumu yenyewe. Basi tembeza treni, itajisafishia njia. Ni kweli kwa tani. Si kweli kwa gramu. Kichwa cha treni cha tani 100 kikipunguzwa mara 87 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, uzito wake hugawanywa kwa 658,503, na kinachobaki ni kama gramu 152. Watengenezaji hukijaza vyuma tumboni kikafika gramu mia tatu au mia nne, jambo la hisani, lakini hesabu bado haijakaa sawa. Eneo la mguso hupungua kwa 7,569 tu, kwa hiyo mgandamizo, ile nguvu inayosaga uchafu chini ya gurudumu, hubaki kama sehemu ya themanini na saba ya ule wa kweli, au ukihesabu vyuma vya hisani, mara mbili au mara tatu ya hapo. Treni kubwa ikikuta tone la jasi hulitwanga. Treni ndogo hulipanda, hulipa heshima, kisha huanguka upande wa mtoni. Zaidi ya hapo, magurudumu ya plastiki ya mabehewa ya bei nafuu, badala ya kusafisha, huokota utando mahali pamoja na kuugawa kwa haki pande zote za meza, na vichwa vingi huvishwa ukanda wa mpira kwenye magurudumu mawili ili visiteleze, nao mpira unaacha alama zake.

Isitoshe, hata hizo tani hushindwa. Nchini Uingereza kila msimu wa majani kupukutika, majani huanguka njiani, hukandamizwa na magurudumu yakawa utando mweusi mgumu wenye utelezi, na Network Rail hulazimika kutuma treni maalumu zinazopiga reli kwa maji ya shinikizo kubwa, kisha kuzipaka ute uliochanganywa na mchanga ili magurudumu yashike. Hiyo ni taasisi ya kitaifa, ina mitambo na wahandisi, na inapambana na jani. Jani lenyewe halikubandikwa na mtu kwa gundi. Nakubali jambo moja katika hoja ya wapinzani wangu: reli iliyokwisha kusafishwa ikitembezewa treni kila siku hubaki safi kwa muda mrefu kuliko iliyoachwa ikilala, na meza nyingi husumbua kwa sababu mwenyewe hupamba miezi sita na kuendesha dakika kumi. Lakini kutembeza ni kudumisha usafi. Hakuanzishi usafi palipo na gundi.

Kundi la pili la wapinzani halina muda wa fizikia. Lina msasa. Na msasa, lazima tuseme kwa haki, unaondoa gundi kavu, jasi na rangi kwa dakika chache, na treni hupita siku hiyo bila kusita, jambo linalompa fundi imani isiyo na msingi. Msasa hauachi uso laini. Unaacha mifereji midogo isiyoonekana kwa macho, na masizi yanayotokana na cheche baina ya gurudumu na reli hupata humo makao ya kudumu. Kwa hiyo kila kusugua kunaalika kusugua kwingine, mapema zaidi. Sufi ya chuma ya kusugulia masufuria ni mbaya mara mbili, kwani huacha vinyweleo vya chuma ambavyo sumaku ya mota huvikaribisha ndani kwa moyo mkunjufu. Nitaambiwa kwamba kuna wazee waliotumia kifutio kigumu cha kukwangulia maisha yao yote na treni zao zinatembea kama kawaida. Naamini. Ila ukiwatazama wanavyofanya, wanapitisha kifutio kwa mkono mwepesi juu ya utando mwembamba, kwenye meza ambayo mandhari yake ilikauka zamani. Mtu aliyemaliza kutandaza kokoto jana hakwangui utando. Anakwangua uvimbe, kwa nguvu, na vumbi la uvimbe huo linaangukia kokoto zilezile alizozitandaza kwa brashi chembe kwa chembe. Zikipauka, atazipaka rangi upya. Rangi itafika juu ya reli.

Tena kuna mkono wenyewe. Kiganja cha mtu mzima, tangu kifundo hadi ncha ya kidole, ni sentimita 18 hivi, nacho kikishuka mezani kwa ajili ya usafi ni kiumbe cha zaidi ya mita 15 kinachoingia mjini na kitambaa. Nguzo za ishara hulala chini. Miti hung'oka. Abiria waliokuwa wakingoja treni kwa uvumilivu tangu gundi yao ilipokauka huondoka jukwaani wakiwa wamenasa kwenye mkono wa shati, na wengine hugunduliwa ofisini siku ya pili. Mahandaki ndiyo aibu kuu. Jasi ya mlima hudondoka zaidi ndani ya handaki kuliko mahali pengine popote, maana mlima uko juu yake. Na handaki ndilo mahali pekee ambapo mkono haufiki, maana mlima uko juu yake. Treni inaingia, haitoki. Fundi aliyesema atasafisha baadaye sasa ana njia mbili: kuingiza fimbo yenye kitambaa na kusukuma asichokiona, au kuubomoa mlima alioutumia likizo nzima kuujenga. Mlima unaojengwa na mtu anayejua kwamba usafi ni sehemu ya ujenzi huwa na mlango kwa nyuma, na mlango huo hauupunguzii mlima hadhi yoyote, kwani watazamaji wote wako mbele.

Kuhusu majimaji ya kusafishia sitakaa sana, si kwa sababu hakuna la kusema, ila kwa sababu wapenzi wa treni wamesema yote, na kwa sauti. Wapo wa spiriti, wapo wa mafuta ya taa, wapo wa thina, wapo wanaoapa kwa tone la mafuta ya mashine za kunyolea. Miaka ya karibuni umepata nguvu mtazamo kwamba spiriti, kwa jinsi molekuli zake zilivyo, huacha hali inayochochea cheche ndogondogo zinazozaa masizi, na kwamba majimaji ya jamii ya mafuta ya taa yanatuliza jambo hilo. Huenda wana haki. Lakini ubishi huo unahusu masizi ya treni zinazotembea, nasi tunazungumzia treni ambayo bado haijaruhusiwa na gundi kuondoka stesheni. Kwa gundi nyeupe, kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na kuachwa kidogo hulainisha vya kutosha, kisha kijiti cha mbao cha aiskrimu huondoa kilichobaki bila kukwaruza chuma. Spiriti hulainisha gundi za jamii ya akriliki, ila hailainishi ile ya juu ya reli peke yake. Inateremka kwenye kokoto, na usafi unapomalizika njia imerudi kuwa rundo la mawe yaliyolegea. Asetoni nayo huyeyusha plastiki, na mataruma ni plastiki. Na yeyote atakayemwaga kimiminika kinachoshika moto juu ya reli zinazotoa cheche, basi afungue dirisha na angoje kikauke kabla ya kuwasha umeme. Hapo sifanyi mzaha.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa watu wa msasa, linatoka kwa wasanii. Wao husema kupamba mandhari ni kazi ya moyo, mkono unatiririka, na mtu hawezi kuwa anatia rangi bondeni huku kila dakika tano anafuta reli na kitambaa. Huo ni utumishi wa ndani, na unaua ubunifu. Nawasikiliza kwa makini kwa sababu bila wao meza zingekuwa mbao tupu zenye waya. Lakini nadhani wameisoma vibaya picha wanayoichora. Tazama reli yoyote ya kweli inayotumika: ubavuni rangi ya kutu, juu mstari mmoja unaong'aa. Mstari huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba treni ilipita asubuhi ya leo. Ukiufunika kwa rangi, kwa ute wa gundi au kwa vumbi la jasi, umechora njia iliyotelekezwa, halafu ukaweka juu yake treni ya haraka yenye taa zinazowaka na abiria wanaosoma magazeti. Kwa hiyo anayefuta juu ya reli wakati rangi ingali mbichi anaendelea kupaka. Anatia rangi ya mwisho ya picha, ambayo kwa bahati njema ni rangi ya chuma chenyewe na haiuzwi kwenye kichupa.

Aliyelionyesha hilo kwa vitendo ni John Allen wa Monterey, California, aliyefariki Januari 1973. Reli yake ya mfano, Gorre & Daphetid, ilikuwa na milima iliyoanzia sakafuni, na yeye anahesabiwa miongoni mwa watu waliowafundisha Wamarekani kuchakaza treni zao kwa ustadi: mbao zilizopauka, paa zilizobonyea, masizi mahali masizi yanapostahili. Siku chache baada ya kifo chake moto uliteketeza kazi hiyo, na imebaki katika picha zinazochapishwa hadi leo. Sasa, mtu huyo aliyesifiwa kwa uchafu ndiye ambaye wapenzi wa treni wa Marekani humnasibisha na kifaa cha usafi kilicho rahisi kuliko vyote: kipande cha hadibodi ya Masonite kilichoning'inizwa kwa misumari miwili chini ya behewa la mizigo, kikiburutwa juu ya reli kwa uzito wake chenyewe. Hakina dawa, hakina mota. Kikiwa cheusi kinasuguliwa, kinarudishwa kazini. Behewa lenyewe limechakazwa kama mengine, linapita katikati ya treni ya mizigo likisafisha, na mtazamaji haoni kinachoendelea. Sijui hoja yangu ingepata wakili gani mwingine bora kuliko huyo: mchafuzi na msafishaji ni mtu mmoja, katika treni moja, kwa saa moja.

Zimebaki njia mbili za kukwepa, zote za kisasa. Ya kwanza ni kapasita: kifaa kidogo ndani ya kichwa cha treni cha kidijitali kinachohifadhi umeme wa sekunde chache, ili treni ivuke pachafu bila kuzimika na bila mlio wa injini kuanza upya kana kwamba dereva ameshikwa na kwikwi. Ni kitu kizuri, na ubaya wake ni huohuo uzuri: kinamficha fundi uchafu mpaka unapofika kiasi ambacho sekunde chache hazitoshi, na siku hiyo treni zote zinagoma pamoja. Ya pili ni kuachana na umeme wa reli kabisa, ukatia betri ndani ya treni na kuiongoza kwa redio. Wenye treni kubwa za bustanini, zile za njia ya milimita 45, hufanya hivyo na wana haki, kwani mvua, konokono na majani ya kweli si wa kushindana nao. Kwenye HO nafasi ya betri ni finyu, na kwenye N, ambayo njia yake ni milimita 9 tu, ni finyu kupindukia. Hata ikipatikana, betri haisawazishi tuta la gundi. Inachofanya ni kuhakikisha treni inalifikia kwa mwendo kamili.

Kwa hiyo kazi yenyewe, ikifanywa kama kazi moja, huenda hivi. Kabla ya jasi, njia hufunikwa kwa utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi, nao hubanduliwa jasi ikiwa bado mbichi, kwa sababu ukingoja ikauke utepe utaondoka na kipande cha mlima. Kabla ya kupaka kutu ubavuni, juu ya reli hupitishwa kidole chenye mafuta kidogo, na rangi itakayofika pale itafutika bila ugomvi. Kokoto hutandazwa kipande kwa kipande, kila kipande kifutwe kabla ya kuhamia kingine, na ulimi wa njiapanda ugeuzwe huku na huku gundi inapokauka, usije ukazoea kulala. Nyasi zikisharushwa, hupitishwa sumaku kwa ajili ya chembe za chuma na kifyonza vumbi kwa ajili ya nyuzi zilizopotea shamba. Halafu hutangulizwa kichwa cha treni kibovu kuliko vyote vilivyomo nyumbani, kile kinachosita kwa kisingizio chochote, kwa kuwa kizuri kitapita na kuficha makosa. Kifyonza vumbi kivishwe mdomoni soksi ndefu ya nailoni, ili kinachofyonzwa kikomee pale badala ya kuzama mfukoni. Na kabla soksi haijakung'utwa nje, ipekuliwe taratibu mezani chini ya taa, maana pamoja na nyasi mara nyingi humo huwa na kondoo wawili watatu na mkuu wa stesheni, na bila yeye hakuna wa kuipungia bendera treni ya kwanza.